Mashine Iliyosema Polepole

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza leo, na muhula umeanza nayo. Kikao cha kwanza cha Chama cha Kompyuta. Mimi ndiye katibu wa habari: kila Alhamisi nasoma habari za vifaa vipya, nazibandika ubaoni, kisha namsaidia yeyote anayetaka kuiongezea mashine yake nguvu. Nilikuwa nimeandaa kurasa mbili. Prosesa mpya zilizotangazwa, bei ya ram inavyopanda, diski zisizozunguka ambazo sasa ni nyembamba kama kipande cha chingamu. Nilifagia chumba chetu cha chini ya ngazi, nikapanga viti nusu duara. Viti vikawazidi watu.

Mwenyekiti alichelewa kama bwana harusi. Ana laptopu mpya, nyembamba kama sahani. Nilimwuliza ram yake inaongezwa hadi kiasi gani, akacheka.

"Hii haiongezwi, Katibu. Kila kitu kimechomelewa humo humo. Haina hata skrubu ya kufungulia."

Wakaishika kwa zamu kama mtoto mchanga. Mimi nikasoma habari zangu baada ya hapo. Mgeni mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono, moyo ukaniruka: swali!

"Samahani dada, nywila ya intaneti ya humu ni ipi?"

Hata hivyo, Mwenyekiti alisema mbele ya wote kwamba bila mimi chama kingeshazikwa. Leo nitalala na maneno hayo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Mwenzangu wa chumbani amehamia kwa dada yake. Ameacha godoro lililokunjwa na ndala ya mguu mmoja.

Jumapili, 10 Machi

Mama amepiga. Huongea na mimi simu ikiwa imebanwa begani, na cherehani nyuma inakimbia. Mguu wake haujui Jumapili.

"Mbona kimya huko? Wenzako wako wapi?"

"Wamelala."

"Mchana huu? Wote?"

"Mvua, mama."

"Haya. Lakini una marafiki, mwanangu?"

"Wapo wengi."

Akaridhika, au alijifanya karidhika. Kwa mama huwezi kujua.

Jumanne, 12 Machi

Leo kaja mtu.

Nilikuwa peke yangu, napangusa vumbi kwenye feni, nikasikia fimbo inagonga ukuta wa korido, halafu mlango.

"Hodi! Hapa ndipo penye kompyuta inayosema?"

Mrefu, koti limelowa, fimbo nyeupe mkononi. Haoni. Anasoma sheria, mwaka wa mwisho, na chuo kizima kinamwita Jaji. Ile kompyuta ya wasioona iliyokuwa maktaba imekufa tangu likizo, na hakuna aliyeizika wala kuifufua. Tasnifu yake inatakiwa mwisho wa Aprili. Mtu kamwambia sisi tunayo moja, na kweli tunayo: lile kubwa la zamani lililo pembeni, wanafunzi waliotutangulia waliliwekea programu ya kusoma skrini kwa sauti.

Nikaliwasha. Tukasubiri. Tukasubiri tena. Alipoandika sentensi ya kwanza, sauti ilinyamaza kwanza, kisha ikaanza kusoma kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Ala!" alisema Jaji. "Mimi nauliza leo, yenyewe inajibu kesho kutwa."

Nikaona aibu kana kwamba aliyechelewa ni mimi. Nikaanza kumweleza habari za prosesa na ram na diski, akanizuia kwa mkono.

"Nieleze kama naelezwa mahakamani."

Nikafikiri. "Prosesa ndiye hakimu. Ram ni meza yake, anapoweka majalada anayosikiliza sasa. Diski ni masijala, majalada yote yamo humo."

"Na hapa mwenye kosa ni nani?"

"Masijala. Karani wake ni mzee, anatembea kwa mkongojo. Hakimu mwenyewe anakaa bure."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ni kama huko kwetu! Kesi hazicheleweshwi na hakimu."

Mashine ilipokuwa ikifungua faili lake, akaniuliza kuna karatasi gani ubaoni, maana amezisikia zikipeperuka. Nikamwambia ni habari zangu. "Basi soma," alisema. Nikasoma kurasa zote mbili. Aliuliza maswali. Maswali ya kweli.

Alhamisi, 14 Machi

Kikao. Watu wachache kuliko wiki iliyopita. Mwenyekiti alikuwa akiandika kwenye simu nilipokuwa nikisoma, akiitikia kwa kichwa kila nilipovuta pumzi.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Jaji alikuja.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Jaji alikuja. Mashine ilichukua muda mrefu kuwaka hivi kwamba alinisimulia utoto wake wote. Alianza kupoteza nuru ya macho akiwa mkubwa kidogo, kwa hiyo rangi anazikumbuka. Anasema rangi ya kijani ndiyo inayofifia kichwani mwake, na hiyo humsumbua kuliko kutoona kwenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Alikuja. Nilianza kuandika habari za kesho huku nikijua atakayesikiliza ni nani. Zimekuwa nzuri zaidi. Nimeacha namba nyingi, nimeweka mambo yenyewe yanavyofanya kazi.

Niandike hapa nisije nikajidanganya: si mapenzi. Ni kwamba kuna mtu ananiuliza jambo, halafu anasubiri jibu.

Alhamisi, 28 Machi

Mwenyekiti kajiuzulu. Kasema hivyo akiwa amesimama mlangoni, hata mwavuli hakuufunga.

"Katibu, nisikufiche. Mambo ya kufungua kompyuta yamepitwa na wakati. Zinakuja zimezibwa. Ikiharibika unatupa, unanunua nyingine. Watu watakuja hapa kufanya nini?"

"Kuna ambao hawawezi kununua nyingine."

"Wangapi? Nionyeshe."

Viti vilikuwa vitupu. Pembeni Jaji alikuwa na mashine yake, aligeuza uso, akasema, "Mheshimiwa, mmoja huyu hapa." Mwenyekiti akacheka kicheko cha mtu anayetaka kuondoka. Kabla ya kwenda akaniambia kwamba mhadhiri ambaye ni mlezi wa chama anataka chumba hiki kiwe stoo ya viti mwisho wa muhula.

Nimerudi chumbani nikazisoma upya habari zangu zote za mwaka huu. Kila wiki nimekuwa nikitangaza kwa furaha mashine nyembamba zaidi, zilizozibwa zaidi. Nilikuwa nikisoma taarifa ya msiba wetu wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nashangilia.

Na Mwenyekiti, niliyekuwa nikimwona mti mkubwa, leo nimemwona kama mtu anayejua tu mvua inatoka upande gani.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Mlezi. Sikukiombea chama, nimeomba diski moja. Nimemweleza habari za Jaji na tasnifu. Alikuwa akisahihisha karatasi, hakuinua kichwa, ila kalamu ilisimama. "Nina laptopu ya ofisi iliyovunjika kioo," alisema. "Diski yake ni ile mpya mpya. Nitaiombea kibali." Nimemwambia Jaji kwamba inatafutwa. Kaniombea dua ndefu kama ya harusi.

Jumapili, 7 Aprili

Mama kapiga. Nimemwambia tuko wengi, tunacheka sana.

Jumatano, 10 Aprili

Jaji kachoka. Sura ya nne inakataa kwisha. Kila akirudi nyuma kusikiliza aya moja, mashine inafikiri kwanza. Anagonga meza kwa vidole, tunaongea, sauti inakuja, anaendelea. Mimi sisemi kitu, lakini yale matuo ndiyo saa zangu nzuri za siku.

Ijumaa, 12 Aprili

Mlezi kanipa diski. Imo kwenye bahasha, ndogo kama kidole. Nimeiweka kwenye droo ya meza ya chumba cha chama.

Jumatatu, 15 Aprili

Jaji kauliza, "Vipi ile masijala mpya?" Nikasema, "Bado."

Sijui neno lile lilitokea wapi. Yaani najua.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nilifungua droo mara kadhaa, nikaifunga. Nilijiambia nitaiweka diski kwenye mashine kesho, kazi yenyewe si kubwa. Jaji sauti imemkauka. Nilimsomea habari, akasema, "Leo hapana, Katibu. Niko nyuma mno." Nikakaa karibu naye, mwizi wa muda wa mtu.

Jumatano, 17 Aprili

Nataka niandike yote ilivyokuwa.

Jaji alifika mapema alasiri. Mvua ilikuwa inapiga kama mawe, na maji yameanza kupita chini ya mlango. Nilikuwa nakausha sakafu kwa gunia. Yeye alikuwa akiandika. Ghafla akanyanyua mikono.

"Katibu, hiyo sauti ni ya nini?"

Sikusikia kitu, mvua ilikuwa imejaa masikioni. Nikainama hadi sikio likagusa mashine. Tik. Kimya. Tik, tik. Kama mtu anayekata kucha ndani ya sanduku. Diski ya kuzunguka ikianza kulia hivyo, inaaga.

"Ulihifadhi lini nje ya mashine?" nikamwuliza.

"Wewe ndiye unayeninakilia kila Jumatatu."

Jumatatu sikunakili. Jumatatu nilikuwa na shughuli ya kusema "bado".

"Sura ya nne?" akauliza.

"Imo humu tu."

Nikazima mashine taratibu, kama unavyomlaza mgonjwa. Nikavuta droo, nikatoa diski, nikafungua skrubu. Bisibisi ikaniponyoka, ikaanguka kwenye maji. Niliunganisha diski zote mbili, nikaanzisha kazi ya kunakili kutoka ya kale kwenda mpya. Hesabu ikaanza kupanda kwenye skrini, polepole, inasimama, inapanda. Taa zikapepesa. Betri ya akiba ya chama ilikufa kabla sijaja chuoni. Umeme ukikatika, yule karani mzee asingezunguka tena.

Tukakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tunasubiri bila kuongea.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Robo."

Tik, tik.

Nikasema, "Jaji, hiyo diski mpya si ya leo."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Umeivuta kwenye droo. Ingekuwa ya leo ungenitangazia tangu kwenye korido. Tangu lini?"

"Ijumaa."

Alikaa akizungusha fimbo yake iliyokunjwa. Hakupandisha sauti, heri angepandisha. "Kwa nini?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Ikishakuwa na kasi, hutakaa. Utafanya kazi yako, utaondoka. Hakutakuwa na kusubiri. Na mimi hakuna mtu mwingine anayekuja hapa. Hakuna mtu mwingine popote."

Akaiweka fimbo mezani.

"Njia ya mwongo fupi," alisema mwishowe, kwa upole kuliko nilivyostahili. "Katibu, ungeniambia 'kaa', ningekaa. Unadhani nje huko wamejipanga mstari kuongea na mimi? Watu hunivusha barabara, wananiacha ng'ambo. Lakini wewe hukuniomba. Umenichukulia. Kwa hiyo leo nitakukasirikia. Mengine tutayaona."

"Sawa."

"Sasa imefika wapi?"

"Nusu."

Taa zikapepesa tena, zikabaki. Baadaye hesabu iligoma sehemu moja muda mrefu sana. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kama vile mimi ndiye ninayeisukuma. Ikapita. Ilipofika mwisho, nje kulikuwa kumeanza kuingia giza. Nikaiondoa ile diski ya kale. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Nikawasha.

Mashine ikaamka papo hapo. Sijawahi kuiona hivyo. Jaji aliandika neno, na sauti ikalitamka kidole kikiwa bado juu ya kibodi. Mikono yake ilibaki hewani.

"Imenijibu kabla sijamaliza!"

Akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Sura ya nne ilikuwepo, ila kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeliwa. Alizisikiliza zilipokatikia. "Maneno nayakumbuka," alisema. "Nitayaandika tena." Akavaa hedifoni. Nilinakili kazi yote pembeni, nikamwambia nimenakili, akaitikia kwa kichwa. Sikuwa na la kufanya zaidi. Nilimsindikiza hadi bwenini kwao chini ya mwavuli, na alipofika alisema asante kama unavyomwambia karani.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku ya kikao. Hakuja mtu ila Jaji, kwa kazi yake. Sikusoma habari.

Ijumaa, 19 Aprili

"Habari ya asubuhi." Akavaa hedifoni. Akaandika. Akamaliza. "Haya." Akaondoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Vivyo hivyo. Nimenakili kazi yake.

Jumanne, 23 Aprili

Leo alivua hedifoni sikio moja. "Wiki hii vifaa havijazaliwa?" Nikachukua karatasi, nikasoma habari ya ram mpya. Akasikiliza. Nilikuwa sijafika nusu, akasema samahani, ana miadi na msimamizi wake. Akaenda, mashine imeshazimika, kila kitu upesi upesi. Kazi yangu imefanya kazi vizuri mno.

Jumapili, 28 Aprili

Mama kapiga. Akauliza swali lake.

Nikasema, "Sina, mama."

"Huna nini?"

"Marafiki. Sina hata mmoja. Nilikuwa nakudanganya."

Cherehani ikasimama. Tangu nizaliwe nadhani sijawahi kuisikia ikisimama akiwa kwenye simu.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Mbona hukusema?"

"Sikutaka uhuzunike."

"Na mimi nakuambia kila siku nyumba imejaa wateja. Wateja wenyewe wanaacha kitambaa mlangoni, wanakuja kuchukua Jumamosi. Hii cherehani nadhani naiendesha ili kuwe na anayepiga kelele."

Tukakaa hapo, kila mmoja na simu yake, kama watu wawili waliokutana gizani wakaogopana, kumbe ni ndugu. Hatukuwa na dawa ya kupeana. Lakini tuliongea hadi chaji ikaisha.

Jumanne, 30 Aprili

Jaji kawasilisha! Alikuja na wenzake wa darasani, wanapiga makofi kwenye korido. Akanishika bega. "Huyu ndiye fundi wangu," aliwaambia. "Bila yeye msingeniona leo." Mmoja akaniambia twende wote tukanywe chai. Alisema kwa namna ile mtu anavyokukaribisha huku anatazama saa. Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi. Fundi ni neno zuri, ila fundi huitwa kunapoharibika.

Alhamisi, 9 Mei

Chumba kimefungwa. Viti vya ukumbi vimejaa hadi dirishani. Nilimwomba Mlezi ile mashine iende maktaba badala ya ile iliyokufa, akakubali, akabeba skrini yeye mwenyewe. Imewekwa karibu na dirisha. Tulipoiwasha ili kuijaribu ikasema "karibu" kwa nguvu, msomaji mmoja akaruka kitini.

Nikiwa natoka nikamkuta Mwenyekiti kwenye ngazi. Laptopu yake nyembamba imeingia maji kwenye begi. Aliniletea kwa mikono miwili. Niliigeuza huku na huku. Hakuna pa kuanzia, hakuna skrubu. Nikamwambia siwezi. Nilidhani ningefurahi, sikufurahi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, na kazi yake ya mwaka mzima imo humo. Tuliketi ngazini muda kidogo. "Ulikuwa unasoma vizuri zile habari," alisema. "Nilikuwa nasikia." Sikumwambia kwamba nilikuwa nikimwona akiandika kwenye simu.

Jumapili, 12 Mei

Mama. Cherehani imesimamishwa kabla hajapiga.

Jumamosi, 18 Mei

Nimesikia kwa mkutubi: Jaji ameondoka. Kaka yake alikuja na gari la kuazima, wakapakia haraka ili wawahi kabla barabara haijajaa maji. Hakuaga. Labda alinitafuta kule chini ya ngazi, akakuta viti. Labda hakunitafuta. Nilipita maktaba. Msichana mmoja asiyeona alikuwa kwenye mashine, anaandika mbio, anatabasamu peke yake. Nilisimama nyuma yake kidogo, nikaondoka bila kujitambulisha.

Jumatano, 29 Mei

Mvua imekwisha. Bweni limebaki na watu wachache. Mimi nasubiri mtihani mmoja wa marudio. Mchana simu iliita, namba nisiyoijua.

"Katibu?"

Nikaijua sauti. Nikakaa wima. Nilishajua: kapata kompyuta huko kwao, imegoma. Nikaanza kutafuta kalamu.

"Ndiyo, Jaji. Inafanya nini? Inawaka?"

"Nini?"

"Mashine."

"Sina mashine hapa."

"Sasa tatizo ni lipi?"

"Hakuna tatizo," alisema. "Kwetu kimya, kaka kaenda kazini. Nimepiga tu."

Nilibaki na kalamu mkononi. Nikamwambia kuna prosesa mpya imetoka. Aliniacha niimalize yote, hadi bei. Nilisikia kuku kwake, na mtu akitwanga mbali.

"Hizo ndizo habari," alisema. "Na wewe je?"

Nikasogeza godoro lililokunjwa, nikaketi sakafuni, mgongo ukutani. Nikaanza kumwambia.